Tohe na Wanafunzi Waliojiangusha

Hadithi inabisha hodi!

— Karibu, kigoda chake kipo!

Imekuja na kwato nne na pembe mbili!

— Ipishwe, ikae, iseme!

Basi itasema. Hapo kale, kale ile ambayo hata babu wa babu aliisikia tu kwa masikio, wanyama walikuwa wakiamkiana, wakitaniana na kutunziana heshima kama watu. Katika bonde moja lenye matete marefu palikuwa na bwawa, na bwawa lile lilikuwa la tohe.

Mnamjua tohe? Ni swala wa matete. Si mkubwa. Rangi yake ni ya nyasi kavu, pembe zake fupi zimepinda kuelekea mbele, na akishtuka au akifurahi hupiga mluzi.

Bwawa lilikuwa lao kwa sheria, si kwa wingi wao wala kwa ukali wao. Sheria ya pori ilisema hivi: mgeni akiyataka maji ya mwenzake, asivizie, asije na jeshi. Apige hodi, atake pembe. Mwenyeji atoe mmoja na mgeni atoe mmoja, washikane pembe kwa pembe kwenye tope la ukingoni. Anayelaza ubavu chini ndiye aliyeshindwa. Mgeni lazima amlaze mwenyeji mara tatu, kila mwezi unapoandama mara moja. Akilazwa yeye, hata mara moja tu, arudi alikotoka. Akishinda zote tatu, mwenyeji ahame na watoto wake. Aliyeanza ndiye amalize, hakuna kubadilisha. Na mpaka shauri liishe, mwenyeji anywe asubuhi na mgeni anywe jioni.

Kwa sababu ya sheria hiyo, tohe walikuwa na chuo cha pembe. Mwalimu wa chuo aliitwa Mzee Shekue. Mzee Shekue alirithi chuo kwa mjomba wake, na mjomba wake alirithi kwa mjomba wake, na huko nyuma zaidi hakuna aliyekumbuka majina. Na aliyetazamiwa kurithi baada yake alikuwa mpwa wake, Mbaruku.

Mbaruku alikuwa tohe wa kutazamwa. Shingo yake ilikuwa nene, mwendo wake ulikuwa wa mpimo. Alijua mitindo yote ya chuo. Alijua Upepo wa Bondeni, ambao ni wa kuzungusha shingo. Alijua Mwanzi Umeinama, ambao ni wa kushuka chini ya kidevu cha mwenzio. Alijua Fagio la Bibi: unageuza shingo kushoto, unapenyeza mguu wa mbele, unaufagia mguu wa mwenzio kama bibi anavyofagia uwanja asubuhi. Kila alipofanya mtindo, mwenzake alianguka. Kila mwenzake alipoanguka, tohe walipiga mluzi, fyuu, bonde zima.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye mzizi. Chuo kile kilikuwa na adabu yake. Pembe ya mkubwa ikikugusa, ulale. Kubaki wima mbele ya mkubwa kulikuwa ni kumtukana. Watoto walifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa mtindo wowote, na walikuwa na wimbo wao. Niitikieni.

*Pembe ya mkubwa ikigusa,*
*Mdogo alale chini!*
*Asiyelala ni nani?*
*Hakulelewa nyumbani!*

Wanafunzi walijiangusha mbele ya Mzee Shekue kwa kuwa ndiye mwalimu. Walijiangusha mbele ya Mbaruku kwa kuwa ndiye mpwa. Waliangukia upande wenye nyasi, wakainuka, wakajikung'uta, wakaenda kunywa maji. Hakuna aliyeumia. Ulikuwa uwanja wa amani sana.

Mara moja tu, miaka ya nyuma, palitokea fedheha. Ngiri alikuja kuomba kujifunza. Ngiri mnamjua, yule nguruwe wa porini mwenye vinundu usoni na meno yaliyopindia juu. Mzee Shekue alimgusa kwa pembe, akangoja. Ngiri naye akangoja.

"Mbona huanguki?" Mzee Shekue akauliza.

"Hujaniangusha," Ngiri akajibu.

Siku ile ile akafukuzwa. Akaambiwa uwanja ule si wake, bwawa lile si lake, na hata tope la ukingoni asije akagaagaa. Akaenda zake.

Je, mpo?

— Tupo!

Haya. Ukaja mwaka wa jua. Mvua za vuli hazikunyesha, za masika zikachungulia zikarudi. Siku moja mchana, vumbi likaonekana upande wa mbuga. Mbele ya vumbi alikuwa nyumbu dume, mabega mapana kama mlango wa boma, ndevu zimejaa mchanga. Nyuma yake walisimama jamaa zake, wamekonda, wameinamisha vichwa.

"Hodi, wenyeji!"

"Hodi ya nini jua lote hili?" Mzee Shekue akajibu.

"Hodi ya kiu, mzee wangu."

"Karibu. Umetoka mbali?"

"Nimetoka ambako maji yamekuwa tope na tope limekuwa vumbi. Nina ndama nyuma yangu. Nataka pembe."

Mzee Shekue akamtazama juu mpaka chini. "Bwana Nyumbu, unajua kwamba hapa kuna chuo?"

"Nimesikia."

"Tangu kwa babu wa babu zetu."

"Hongereni sana. Tuanze?"

Mwezi ulikuwa umeandama jana yake, kwa hiyo sheria haikuzuia. Mbaruku akatoka. Akaenda mpaka kwenye tope, akainama kwa heshima kulia, akainama kushoto. Nyumbu alikuwa ameshasimama na kungoja. Pembe zikagusana. Mbaruku akageuza shingo, akapenyeza mguu, akafagia. Lilikuwa Fagio la Bibi safi kabisa. Tohe wote wakavuta pumzi wapige mluzi.

Nyumbu akautazama mguu wake.

"Ndugu," akasema, "unajikuna?"

"Hujaanguka," Mbaruku akasema.

"Nianguke kwa nini?"

"Nimekufagia."

"Aa! Nisamehe, sikujua." Nyumbu akashusha kichwa, akasukuma. Hakutumia mtindo wowote, alitumia mabega. Mbaruku akarudi nyuma, akateleza, akalaza ubavu kwenye tope. Mluzi ukabaki kooni mwa wenyewe.

"Moja," akasema Nyumbu, akaenda kungoja jioni anywe.

Mzee Shekue alimchukua mpwa wake pembeni.

"Mkia wako uliinuka," akasema.

"Mkia, mjomba?"

"Mkia ukiinuka, fagio hupungua nguvu. Na tena yule ni mshenzi. Umemgusa vizuri, hakuanguka. Utafanya nini na mtu asiye na adabu?"

Basi mwezi mzima Mbaruku alifanya Fagio la Bibi na mkia umelala. Alifanya asubuhi, alifanya alasiri, na kila alipofanya, mwanafunzi alianguka. Na wimbo ukaimbwa. Imbeni.

*Asiyelala ni nani?*
*Hakulelewa nyumbani!*

Nyumbu walikunywa jioni, na walikunywa kama nyumbu. Bwawa likaanza kuvuta ukingo wake ndani, kama mtu anayekusanya nguo.

Siku chache kabla ya mwezi kuandama, Mzee Shekue alimwita Mbaruku tena, akamwonyesha mtindo ambao wanafunzi wengine hawakuwahi kuuona. Ulikuwa unaitwa Mlango wa Siri. Mjomba wake alimwonyesha akiwa mgonjwa, hawezi kusimama, kwa kuuchora mchangani. Unaruka juu, unageuka hewani, unashuka nyuma ya adui na kumpiga ubavuni. Mbaruku akaujaribu. Mwanafunzi akaanguka kabla Mbaruku hajashuka chini.

"Umeona?" akasema Mzee Shekue. "Huu hauna dawa."

Mwezi ukaandama. Wakakutana topeni mara ya pili. Mbaruku akainama kulia, akainama kushoto, akaruka. Aliruka vizuri, hata jamaa za Nyumbu walisema "Lo!" Akageuka hewani. Nyumbu akageuza kichwa taratibu, akangoja mpaka mwenzake ashuke, na kwato zilipogusa tope, kabla hazijashika, akasukuma. Mbaruku akalaza ubavu palepale.

"Mbili," akasema Nyumbu. Kisha akaongeza bila kejeli, "Ule ulikuwa mzuri. Ningependa kuuona mpaka mwisho, lakini nina kiu."

Ulibaki mwezi mmoja. Mbaruku akilazwa tena, ingewabidi tohe wahame. Na kuhama kulimaanisha kuvuka mbuga ile pana, isiyo na tete hata moja la kujificha, simba wakiwa wamelala kando yake wakingoja wenye haraka.

Mbaruku alikuwa na dada yake, Mwantumu. Mwantumu alikuwa na ndama mchanga, amemficha ndani ya matete kama tohe wanavyowaficha watoto wao. Ndama yule alikuwa bado anasimama kwa kuyumba. Alasiri ile Mbaruku alimkuta Mwantumu akimlamba mtoto na kumwinua, akimlamba na kumwinua.

"Unafanya nini, dada?"

"Ninamfundisha kutembea kabla ya wakati wake," Mwantumu akajibu. "Mwezi ukiandama tutavuka mbuga. Asiyetembea ataachwa."

"Bado sijashindwa mara ya tatu."

Mwantumu aliendelea kulamba.

"Unaona nitashindwa?"

"Kaka," akasema Mwantumu, "tuseme kweli?"

"Tuseme."

"Unakumbuka tulipokuwa wadogo, ukifanya mitindo juu yangu huku nyuma ya matete? Ukinifagia, naanguka, unafurahi unapiga mluzi?"

"Nakumbuka. Nilikuwa nakuangusha kila siku."

"Hukuniangusha hata siku moja. Nilikuwa nikijiangusha. Wewe ni kaka yangu mkubwa. Ningefanyaje?"

Neno lile lilimuuma kuliko bega la Nyumbu. Akageuka, akaenda moja kwa moja uwanjani, akawakuta wanafunzi wamepumzika.

"Niambieni," akasema. "Ni nani hapa niliyewahi kumwangusha?"

"Sisi sote," wakajibu kwa pamoja.

"Ni nani nilimwangusha naye hakutaka kuanguka?"

Mmoja akaanza kujikuna sikio kwa ukwato. Mwingine akaona jani la kutafuna.

"Mimi," akasema mmoja mwishowe, "kuna siku niliteleza kweli. Lakini ilikuwa imenyesha."

Mbaruku akaenda kwa mjomba wake. Akamkuta amelala kivulini, anacheua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mkia umelala leo?"

"Mjomba, nilipokuwa nikijifunza, nilikuwa nikijiangusha mbele yako."

"Bila shaka. Ulilelewa."

"Na wewe, mbele ya mjomba wako?"

"Bila shaka."

"Na yeye?"

Mzee Shekue akaacha kucheua.

"Basi katika ukoo wetu wote, mjomba, ni nani aliyewahi kuanguka kwa kuangushwa?"

Mzee Shekue akageuza uso. "Maswali hayo," akasema, "hayaulizwi." Kisha akaanza kucheua tena, polepole sana.

Mpo bado?

— Tupo, endelea!

Mbaruku akatoka bondeni. Akapanda kwenye kichuguu kimoja upande wa machweo, mahali palipokuwa na shimo lililochimbwa zamani na muhanga, yule mla mchwa. Ngiri ndiko alikohamia. Akamkuta mlangoni, anaingia ndani kinyumenyume, makalio yakitangulia, meno yakitazama nje.

"Hodi, Ngiri."

"Nani? Aa, mpwa. Umekuja kunifukuza na huku?"

"Mbona unaingia nyumba yako kinyumenyume?"

"Kwa sababu adui hapigi hodi. Akija, akute meno, asikute mkia. Sema haja yako, jua kali."

Mbaruku akaeleza yote. Ngiri akasikiliza, vinundu vyake vikitikisika kwa kicheko alichokuwa akikizuia.

"Sasa unataka nikapigane mimi?"

"Sheria haikubali."

"Na hata ingekubali, bwawa si langu. Mliniambia wenyewe."

"Nataka unifundishe."

"Mimi sijui mitindo. Nilikuwa mwanafunzi wenu nusu siku tu."

"Nataka mtu asiyejiangusha."

Ngiri akatoka shimoni. "Hilo naliweza," akasema. Na kabla Mbaruku hajainama kulia, Ngiri alimpiga kwa kichwa kifuani, akambwaga chini.

"Sijawa tayari!" Mbaruku akapiga kelele.

"Nyumbu anajua siku uliyo tayari? Inuka."

Akainuka. Akabwagwa. Akainuka. Akabwagwa. Siku ile ya kwanza hakujifunza kingine, ila kwamba ardhi ni ngumu na kwamba mtu huweza kuinuka juu yake. Ngiri alimwambia aende, na kama akili zake ziko sawa asirudi. Kesho yake akarudi.

Siku zile zilizofuata Ngiri alimsukuma, na Mbaruku akajifunza kumsukuma naye. Walisukumana mpaka kwato zikachimba mifereji. Ngiri akashinda kila mara.

"Mpwa," akasema Ngiri, "mimi na wewe nani mzito?"

"Wewe."

"Mimi na Nyumbu nani mzito?"

"Nyumbu. Mara nyingi."

"Basi wewe unasukuma kwa nini?"

Mbaruku akaitazama mifereji waliyoichimba.

"Wepesi wakisukumana na wazito, wanakuwa wanawasaidia," Ngiri akasema. "Yeye anataka kwenda mbele. Wewe ndiye kizuizi kinachomfanya asimame vizuri. Ukiondoka je?"

Wakajaribu. Ngiri akaja kwa nguvu zote, Mbaruku akaondoka. Ngiri akapita kama jiwe lililobingirishwa, akageuka, akarudi, akambwaga Mbaruku kwa nyuma.

"Umeondoka mapema," akasema. "Nimekuona unaondoka. Inuka."

Wakajaribu tena. Mbaruku akachelewa, akabwagwa. Wakajaribu tena, akawahi mno, akabwagwa. Hapo ndipo alipoanza kusikiliza kwa pembe. Pembe ikigusana na pembe, kuna kitu kinapita. Unasikia mwenzio anapovuta pumzi. Unasikia bega linapojaa kabla halijatoka. Unasikia uzito uko mguu upi na unakwenda mguu upi. Katika uwanja wa mjomba wake Mbaruku hakuwahi kusikia kitu hicho, kwa kuwa pembe za kule zilikuwa zimenyamaza. Anayejiangusha hana uzito wa kusikiwa.

Alasiri moja, bila kufikiri, akafanya Fagio la Bibi. Ngiri alikuwa anakuja, mguu wake wa mbele ulikuwa bado haujashika ardhi, na uzito ulikuwa njiani kuufuata. Mbaruku akageuza shingo, akapenyeza mguu, akafagia. Ngiri akaanguka, puu, vumbi likapanda.

Ngiri akabaki amelala.

"Umejiangusha?" Mbaruku akauliza kwa wasiwasi.

"Nijiangushe kwa ajili yako? Wewe nani kwangu?" Ngiri akainuka, akatema mchanga. "Nini hicho?"

"Fagio la Bibi."

"La mjomba wako?"

"La mjomba wa mjomba wake. Na huko nyuma zaidi."

Ngiri akafikiri. "Basi huko nyuma zaidi kulikuwa na tohe aliyejua kupigana," akasema. "Huyo alifagia mguu unaokuja. Ninyi mmekuwa mkifagia mguu uliokwisha kusimama. Mguu uliosimama ni mti. Nani anafagia mti?"

Tangu siku ile waliacha mengine yote. Hawakugusa Upepo wa Bondeni, hawakugusa Mlango wa Siri. Walifanya fagio moja tu, na Ngiri akikataa kuanguka kila mara. Mara nyingi alifanikiwa kukataa. Mara chache hakufanikiwa, na siku hizo alikula kwa hasira.

Mwezi ukaandama.

Bwawa lilikuwa limebaki kama sahani. Nyumbu walikuwa upande mmoja, tohe upande mwingine, na Mwantumu alikuwa amesimama nyuma kabisa, ndama wake kati ya miguu yake, uso ukielekea mbugani. Alikuwa amejiandaa kuondoka.

Mzee Shekue akamsogelea mpwa wake. "Utatumia upi?" akanong'ona.

"Sijui, mjomba. Atanionyesha yeye."

"Mkia wako…"

"Mjomba," akasema Mbaruku kwa upole, "leo sitaukumbuka mkia."

Akaingia topeni. Hakuinama kulia, hakuinama kushoto. Alimtazama Nyumbu, na Nyumbu akaona kuna kitu kimebadilika, akapanua miguu yake.

"Leo hurukiruki?" akauliza.

"Leo hapana."

"Afadhali."

Pembe zikagusana. Nyumbu akasukuma, na Mbaruku akarudi nyuma. Tohe wakaguna. Nyumbu akasukuma tena, Mbaruku akarudi tena, magoti yakagusa tope. Mwantumu akamgusa ndama wake kwa pua ili atangulie.

Lakini Mbaruku alikuwa anasikiliza. Alisikia pumzi ya Nyumbu, ndefu, ya mnyama aliyezoea kushinda kwa njia moja. Alisikia bega la kulia likijaa, likitoka, mguu wa kulia ukifuata. Bega la kushoto likijaa, likitoka, mguu wa kushoto ukifuata. Alijua kwamba nyumbu ni mzito mbele na mwepesi nyuma, na kwamba uzito wote ule wa mbele hukaa juu ya mguu mmoja kwa muda wa kufumba jicho.

Bega la kulia likajaa. Mbaruku hakuondoka.

Likatoka. Hakuondoka.

Mguu ukanyanyuka, ukaja, ukawa unatafuta tope. Hapo akaondoka. Kile alichokuwa Nyumbu anakisukuma hakikuwepo tena. Shingo ikageuka kushoto, mguu ukapenya, ukafagia. Nyumbu alitaka kukanyaga na hakukuta pa kukanyaga. Mabega yale mapana, yaliyokuwa yanakwenda mbele, yakaenda mbele peke yao, na mwili wote ukayafuata. Akalaza ubavu topeni, na tope likaruka mpaka kwenye ndevu za jamaa zake.

Hakuna aliyepiga mluzi. Tohe walikuwa wanamngoja Nyumbu aseme kwamba amejiangusha.

Nyumbu akainuka polepole. Akautazama mguu wake kama alivyoutazama siku ile ya kwanza.

"Hapo," akasema, "umenifagia."

"Nimekufagia," akasema Mbaruku.

"Nani amekufundisha?"

"Mmoja asiyenipenda sana."

Nyumbu akatikisa kichwa, tope likadondoka. "Sheria ni sheria. Tutafuata upande wa mawingu. Niruhusu ndama wangu wanywe mara moja, halafu tuondoke."

Mbaruku akamtazama Mzee Shekue, maana mkubwa alikuwepo. Mzee Shekue akasema, "Wanywe." Ndama wa nyumbu wakanywa, na jua lilipopungua vumbi lao likaanza kwenda. Ndipo Mwantumu alipomgeuza mtoto wake kutoka mbugani, akamrudisha ndani ya matete, akamlaza. Ngiri naye akashuka kutoka kichuguuni bila kuitwa, akaingia kwenye tope la ukingoni, akagaagaa mbele ya macho ya wote. Hakuna aliyemfukuza.

Basi tohe wakaanza kusema kwamba Mbaruku awe mwalimu. Kabla Mbaruku hajajibu, Mzee Shekue akaja uwanjani, akasimama katikati, akapanua miguu kama alivyomwona Nyumbu akifanya.

"Mpwa wangu," akasema, "njoo."

"Mjomba?"

"Nimefundisha Fagio la Bibi maisha yangu yote. Nataka kujua ni kitu gani."

Wanafunzi wakatazamana. Mbaruku alisogea, akamgusa pembe mjomba wake kidogo tu, akasita. Kwa mazoea, magoti yake mwenyewe yalikuwa yameanza kukunjika.

"Ukijiangusha," akasema Mzee Shekue, "sitakusamehe. Na ukinihurumia, sitakusamehe pia." Akashusha kichwa, akamsukuma mpwa wake kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na zilikuwa nyingi kuliko watu walivyodhani.

Mbaruku alisikiliza. Mguu ukanyanyuka, ukaja. Akafagia.

Mzee Shekue akaanguka kwa kishindo, upande usio na nyasi. Akalala kitambo, ubavu chini, jicho moja likitazama mbingu. Tohe hawakujua kama waangalie au wageuze nyuso. Wengine walidhani amekufa.

Kisha akaanza kuinuka. Alianza na magoti, akapumzika, akaendelea mpaka akasimama. Hakujikung'uta vumbi. Akarudi mahali pake pale pale, akapanua miguu.

"Rudia," akasema. "Sikuuona mguu."

Ndiyo maana wazee husema: mwenzio akijiangusha amekuheshimu, lakini hajakufundisha. Anayekupenda sana hujui nguvu zake, na wewe hujui zako. Elimu ya wakubwa ni nzuri, lakini isipopingwa hulala, na ikilala wanaoirithi hudhani ndivyo ilivyozaliwa. Basi mwenye kukukatalia kwa haki, mshike mkono, maana siku adui akija, hatakuwa na adabu ya kwenu.

Hadithi imenyanyuka, inaaga!

— Iende kwao, na miguu yake iwe myepesi!

Mwenye sikio amebaki na nini?

— Amebaki na neno!

Basi lilalieni, na kesho mlifanyie kazi.